Kuondoa Vumbi kwenye Santuri kwa Beseni la Ultrasoniki: Mwongozo kwa Anayeanza Lubumbashi

Kila mwaka mvua zinapokatika Lubumbashi na vumbi jekundu kuanza kupanda kutoka barabara za Katuba na Ruashi, maswali yaleyale hurudi kutoka kwa watu waliorithi au kununua santuri za zamani. Je, beseni la ultrasoniki linaweza kuharibu santuri? Je, maji ya bomba yanatosha? Kwa nini santuri imeoshwa na bado inakwaruza? Nimeona ni afadhali kuyajibu yote mahali pamoja, kwa kufuata kazi yenyewe tangu santuri inapotolewa kwenye jalada hadi inaporudishwa.

Kuna jambo moja ninaloomba ulishike kabla ya mengine yote. Beseni hung'oa vumbi kutoka mferejini, yaani kwenye mstari mwembamba uliochongwa ambamo sindano hupita, lakini haliliondoi kwenye santuri. Linaloliondoa ni maji safi ya kusuuzia. Watu wengi wanaolalamika kwamba njia hii haifai wameifanya vizuri nusu ya kwanza ya kazi na kuiruka ya pili, kisha uchafu ulioelea ndani ya maji umekauka palepale ulipotoka.

Kinachotokea ndani ya beseni

Chini ya beseni, kwa upande wa nje, vimebandikwa vitikisaji vinavyotikisa maji mara 40,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 40. Mtikisiko huo huzaa viputo vidogo mno ambavyo hupasuka papo hapo, na kiputo kinapopasuka karibu na ukuta wa mfereji, hurusha mchirizi wa maji unaong'oa chembe iliyonata. Mfereji wa santuri ya vinili (plastiki ya santuri za kawaida) una upana wa takriban milimita 0.05, na ndiyo sababu kitambaa hakifiki chini yake hata ukisugua kwa bidii kiasi gani, ilhali maji hufika.

Ni vizuri pia kujua mipaka ya njia hii. Beseni haliondoi mkwaruzo, halirudishi mfereji uliolika kwa sindano butu, wala halinyooshi santuri iliyopinda kwa jua.

Santuri ambazo hazipaswi kuingia

Sehemu hii isome kwa makini, kwa sababu kosa lake halirekebishiki.

Katika makabati ya familia nyingi za Katanga, santuri za vinili zimechanganyika na zile za mizunguko 78 kwa dakika: za kampuni za Ngoma na Loningisa zilizorekodiwa Léopoldville (Kinshasa ya leo), au za Gallotone kutoka Afrika Kusini zenye gita la Mwenda Jean Bosco. Santuri hizo za miaka ya 1940 na 1950 kwa kawaida si za vinili. Ni za shelaki, utomvu mgumu unaotokana na wadudu, iliyochanganywa na unga wa mawe, na utazitambua kwa uzito wake, kwa ugumu wake usiopinda hata kidogo, na kwa mifereji mipana inayoonekana kwa macho. Shelaki huyeyuka katika alkoholi, kwa hiyo dawa yoyote yenye alkoholi huila santuri ya namna hiyo mbele ya macho yako. Tena nyingi zina nyufa ndogo, na baadhi yake zina tabaka la karatasi katikati, ambalo likinywa maji huvimba na kuipasua santuri kutoka ndani. Zisafishe kwa mkono, kwa burashi laini na maji machache yaliyokenekwa (yaliyotengwa na madini kwa kugeuzwa mvuke), kisha uzikaushe mara moja. Usiziweke beseni.

Diski za laka zilizotumika zamani kurekodia redioni, ambazo ndani yake mara nyingi kuna bamba la alumini, zisiguswe na maji kabisa. Hizo ni kazi ya wahifadhi wa nyaraka. Santuri ya vinili yenye ufa nayo ibaki nje, kwa sababu mtikisiko huurefusha ufa.

Santuri nyingine za vinili, kubwa za inchi 12 na ndogo za inchi 7, zinaingia bila shida, ziwe zilichapwa Ulaya, ziwe zilichapwa na kiwanda cha MAZADIS cha Kinshasa, au ziwe zilirudi nyumbani kutoka Nairobi, ambako wanamuziki wetu wengi walihamia miaka ya 1970.

Vitu vya kuandaa

Usianze kazi ukiwa na nusu ya vifaa kwa matumaini ya kupata vingine njiani, kwa kuwa santuri iliyoloa haingoji.

- Beseni la ultrasoniki la lita 6, lenye masafa ya kilohezi 40 au zaidi. Ndani yake liwe na urefu wa karibu sentimita 30, upana wa sentimita 15 na kina cha sentimita 15. Vibeseni vya kusafishia miwani na vito havitoshi hata kwa santuri ya inchi 7. Ukitaka kuazima beseni la karakana ya kusafisha enjekta, liache: mengine hufanya kazi kwa masafa ya chini ya kilohezi 30, ambayo viputo vyake ni vikubwa na vina nguvu isiyohitajika kwa vinili, na mabaki ya mafuta hayatoki yote hata ukiliosha mara ngapi.
- Mhimili wa kushikilia santuri wima juu ya maji, wenye vitenganishi vya mpira kati ya santuri na santuri. Mota ya kuuzungusha iwe ndogo, ya volti 12, yenye giya za kupunguza mwendo. Mtu akikushauri uchukue mota ya sahani ya ndani ya mikrowevu, kataa: huzunguka haraka mno, na mara nyingi hutumia umeme wa volti 220 juu ya beseni la maji. Kama huna mota, mkono wako unatosha, na nitaeleza namna ya kuutumia.
- Maji yaliyokenekwa, lita 10 kwa uchache: 6 za beseni na zinazobaki za kusuuzia. Siku ya kwanza ongeza 6 nyingine, kwa kuwa maji ya kipimo cha hatua ya 6 humwagwa.
- Dawa ya kulowesha isiyo na manukato wala rangi, ya aina inayotumiwa na wasafishaji wa filamu za picha, kama Photo-Flo au Ilfotol.
- Burashi ya nyuzi za kaboni, kipimajoto, tochi, chupa ya kunyunyizia, kitambaa kipya cha maikrofaiba na kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni.
- Kitu cha kukaushia, kwa mfano kichanja cha sahani cha plastiki au mbao, kinachoishika santuri kwa ukingo tu.
- Mifuko mipya ya ndani ya santuri, ya plastiki ya polietilini au ya karatasi iliyopakwa polietilini.
- Stabilizata ya umeme na plagi yenye waya wa ardhi.

Kuhusu maji lazima niseme zaidi, kwa sababu hapo ndipo fedha inapookolewa vibaya. Maji ya bomba ya REGIDESO na ya visima hubeba madini yaliyoyeyuka. Yakikauka ndani ya mfereji huacha chumvi nyeupe ambayo sindano huipiga kama mchanga. Kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa maji huondoka kama mvuke na madini hubaki. Maji ya mvua yaliyopita juu ya bati huja na vumbi la bati lenyewe, na kwa msomaji wa Goma ni mabaya zaidi, kwa kuwa moshi wa Nyiragongo huyatia asidi. Maji yaliyokenekwa hupatikana garajini na kwenye vituo vya mafuta, ambako huuzwa kwa ajili ya betri za magari. Lakini soma karatasi ya chupa kabla ya kulipa. Mahali hapohapo huuzwa asidi ya betri katika chupa zinazofanana sana, na mikono na macho yako hayana nafasi ya kukosea. Kama chupa haina maandishi, au imejazwa upya kutoka kwenye bidoni, usiinunue.

Kuhusu umeme, beseni ni chombo cha chuma kilichojaa maji. Nyumba nyingi zetu zina plagi zisizo na waya wa ardhi. Mwite fundi auweke kwanza, na kama inawezekana aongeze disjonkta inayozima umeme unapovuja. Soma pia kibao kilicho nyuma ya mashine: zipo zinazoletwa zikiwa za volti 110, nazo huungua mara tu zinapochomekwa kwenye umeme wa SNEL wa volti 220.

Hatua za kazi

1. Chagua chumba na saa. Funga madirisha na ufagie kwa kitambaa kilicholoa, si kwa ufagio mkavu, kisha usubiri nusu saa vumbi litulie. Katika kiangazi asubuhi na mapema ndiyo bora, kabla magari hayajaanza kuamsha barabara.

2. Kagua kila santuri. Ishike kwa ukingo na karatasi ya katikati, uilaze karibu usawa wa jicho, na uache mwanga wa dirisha uipitie kwa mshazari. Vumbi letu hujikusanya kwanza pale sindano inapoanzia, na kwenye ile mistari mipana kati ya wimbo na wimbo. Utaliona kama utando wa rangi ya matofali unaokatisha mng'ao mweusi. Alama za vidole huonekana kama mawingu. Mkwaruzo huonekana kama uzi mweupe unaokata mifereji, na huo hautatoka. Andika mahali palipo na mikwaruzo ili baadaye usiilaumu kazi yako bure.

3. Ondoa vumbi kavu. Weka burashi ya nyuzi za kaboni juu ya santuri bila kuikandamiza, uizungushe santuri mara mbili au tatu kwa kufuata mifereji, kisha uinyanyue burashi taratibu kuelekea ukingoni. Hatua hii huonekana ndogo, lakini kila chembe unayoiondoa ikiwa kavu ni chembe ambayo haitayachafua maji. Anayeishi Goma asisugue kabisa: majivu ya volkano ni magumu na yana kingo kali, hivyo ayapulize kwa mpira wa kupulizia hewa kabla ya kugusa santuri kwa burashi.

4. Jaza beseni. Mimina maji yaliyokenekwa, kisha utie dawa ya kulowesha mililita 2 au 3 kwa lita 6. Zaidi ya hapo hakuna faida: mapovu huanza kutokea, na kusuuza huwa kugumu. Sabuni ya vyombo na sabuni ya unga zisitumike, kwa sababu zina manukato, rangi na chumvi zinazobaki mferejini. Alkoholi pia mimi siitii. Wapo wanaotia kidogo ili santuri ikauke haraka, lakini alkoholi ndani ya beseni lenye joto hutoa mvuke unaoweza kushika moto, na kwa kazi ya kuondoa vumbi haihitajiki.

5. Fukuza hewa iliyomo majini. Washa beseni likiwa bila santuri kwa dakika 5 hadi 10. Maji mapya hubeba hewa iliyoyeyuka ambayo hulainisha kishindo cha viputo. Utaona vipovu vikipanda juu kwa wingi, kisha vikipungua. Vikishapungua, maji yako tayari.

6. Pima nguvu ya beseni. Hatua hii ifanyike siku ya kwanza, na tena kila unapotilia shaka mashine. Shika kipande cha karatasi ya alumini wima ndani ya maji kwa koleo la mbao, pasipo kuingiza vidole, kwa sekunde 30 hadi 60. Kisha kiinue mbele ya taa. Kikiwa kimetoboka vitundu vidogo na mikunjo iliyosambaa karibu sawasawa, mashine ni nzima. Kikiwa kimetoboka upande mmoja tu, kitikisaji kimoja kimekufa au kimebanduka. Baada ya kipimo hiki yamwage maji, kwa sababu vipande vya alumini vimebaki ndani yake, uoshe beseni na kujaza mapya kwa kurudia hatua ya 4 na ya 5.

7. Angalia joto. Maji yawe kati ya nyuzi 28 na 35. Mwezi wa Sita na wa Saba usiku wa Lubumbashi ni baridi, na maji yaliyolala chumbani yatahitaji kupashwa moto na hita ya mashine. Baada ya hapo izime hita, kwa sababu mtikisiko wenyewe huyapasha maji kadiri kazi inavyoendelea. Yakifika nyuzi 40, simama. Vinili haiyeyuki kwa joto hilo, lakini huanza kulegea kidogo kidogo, na santuri nyembamba inayoning'inia kwa nusu saa inaweza kupinda.

8. Panga santuri kwenye mhimili. Kwa beseni la lita 6 weka 3 tu, zikiachana sentimita 3 hivi, na za pembeni ziwe mbali na kuta. Santuri zilizobanana huzuiliana mawimbi, na ile ya katikati hutoka ikiwa chafu. Isiwepo hata moja inayogusa sakafu ya beseni.

9. Rekebisha kimo cha maji. Kwa santuri ya inchi 12 maji yafunike karibu sentimita 9 kutoka ukingoni, ili karatasi ya katikati ibaki kavu kwa nafasi ya sentimita moja. Kwa santuri ya inchi 7 yafunike karibu sentimita 3 na nusu. Hapa wengi hukosea bila kujua: wakimaliza santuri kubwa huweka ndogo palepale mhimili ulipo, na kwa kuwa mhimili uko juu kwa karibu sentimita moja kupita inavyotakiwa, mifereji ya mwisho wa wimbo haiguswi na maji hata mara moja. Shusha mhimili, au ongeza maji, na usichanganye ukubwa wa aina mbili katika duru moja. Santuri ndogo zenye tundu kubwa la kati zinahitaji kijazo cha plastiki ili zikae sawa kwenye mhimili.

10. Washa na uzungushe polepole. Mzunguko mmoja kwa dakika 3 unafaa, na dakika 15 kwa jumla zinatosha kwa santuri yenye vumbi la kawaida. Ukizungusha haraka, maji hukokotwa na santuri na viputo havipati utulivu wa kufanya kazi. Anayezungusha kwa mkono asogeze mhimili theluthi moja ya mzunguko kila dakika, akishika sehemu kavu ya mhimili nje ya maji. Vidole visiingie beseni likiwa linafanya kazi, kwa sababu mtikisiko hudhuru tishu na viungo. Funika masikio au ukae chumba cha pili; ijapokuwa masafa yenyewe hayasikiki, mashine hutoa ukelele mkali unaochosha.

11. Zima, kisha toa santuri. Zima kwanza. Nyanyua mhimili wote, uuache juu ya maji kwa nusu dakika uchuruzike. Tazama namna maji yanavyoshuka: kwenye santuri safi hushuka kama shuka moja pana, na kwenye santuri yenye mafuta ya vidole hujitenga na kuacha visiwa. Ukiona visiwa, irudishe kwa duru ya pili sasa hivi, kabla haijakauka.

12. Suuza. Hii ndiyo nusu ya pili niliyoitaja mwanzoni, na ifanyike santuri ikiwa bado imeloa. Ishike kwa ukingo ikiwa imesimama wima juu ya ndoo, karatasi ya katikati ikiwa imefunikwa kwa kiganja kikavu au kifuniko cha plastiki. Nyunyizia maji mapya yaliyokenekwa kuanzia juu, ukiizungusha kidogo kidogo hadi uso mzima upitiwe, kisha ugeuze upande wa pili. Usitumie maji ya beseni, hata yakionekana maangavu. Maji ya kusuuzia hayatiwi dawa yoyote. Robo lita kwa santuri kubwa moja si ubadhirifu.

13. Kausha. Gusa matone ya ukingoni kwa kitambaa cha maikrofaiba bila kusugua, kisha usimamishe santuri kwenye kichanja ndani ya kabati tupu lililofutwa vumbi, au chini ya boksi safi la katoni lililoinuliwa kidogo upande mmoja. Kiangazi itakauka ndani ya saa moja. Masika iache kwa saa kadhaa. Feni huirushia vumbi la chumba kizima, mashine ya kukaushia nywele huipinda, na jua la mchana huiharibu kabisa. Vyote vitatu visitumike.

14. Iweke kwenye mfuko mpya. Mfuko wa zamani wa karatasi umekaa na vumbi lilelile kwa miaka 40 au 50, na kila santuri inapoingia na kutoka hujipaka tena. Kama mfuko una picha au maandishi unayoyapenda, uhifadhi ndani ya jalada ukiwa mtupu, kando ya ule mpya.

Maji yabadilishwe lini

Zima taa ya chumba na upitishe mwanga wa tochi kutoka ubavuni mwa maji, juu kidogo ya uso wake. Ukiona chembe zikielea ndani ya mwanga kama vumbi kwenye mwali wa dirisha, maji yamekwisha kazi. Bila kichujio, kwa santuri za hapa kwetu, lita 6 huhudumia takriban santuri 10, na kama ni chafu sana, pungufu ya hapo. Anayeosha nyingi anunue pampu ndogo na kichujio cha mikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), ayapitishe maji humo kati ya duru na duru. Kichujio chenye matundu makubwa zaidi ya hapo hukamata nyuzi na kuacha vumbi laini, ambalo ndilo tulilolikusudia. Kichujio hakifanyi maji kuwa ya milele, kwa kuwa mafuta ya vidole na dawa hupita, hivyo yamwage yote baada ya siku mbili au tatu za kazi. Kazi ikiisha, usiyaache yalale beseni: yamwage, au uyahamishie chombo safi kama unayachuja, futa sakafu ya beseni ambako utelezi mwekundu hujikusanya, na ulifunike. Beseni lisiwashwe kamwe likiwa tupu au maji yakiwa chini ya alama, kwani vitikisaji huungua.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Santuri inakwaruza kuliko kabla ya kuoshwa.* Mara nyingi haikusuuzwa vya kutosha, na uchafu ulioelea umekauka upya. Itazame sindano baada ya upande mmoja: ikiwa na unga mweupe au wa kahawia kwenye ncha, jibu ndilo hilo. Isafishe sindano kwa burashi yake, kutoka nyuma kuelekea mbele, kisha uirudie santuri kuanzia hatua ya 10 kwa maji mapya.

*Mikwaruzo inasikika palepale kila mzunguko.* Huo ni mchubuko wa vinili, si vumbi. Linganisha na ulichoandika katika hatua ya 2. Hakuna duru itakayouondoa, na kuirudia santuri mara nyingi ni kuichosha bure.

*Sauti inapasuka na ina ukali kwenye sehemu zenye nguvu, hasa sauti za waimbaji na tarumbeta.* Mifereji imelika kwa sindano nzito ya zamani. Usafi hautabadilisha jambo hilo.

*Santuri ni safi lakini inavuta vumbi mara inapotolewa.* Ni umeme tuli, nao huzidi kiangazi hewa inapokuwa kavu. Acha kuifuta kwa kitambaa kikavu, kwa sababu msuguano ndio unaouzalisha. Itoe kwenye mfuko polepole, na uweke bakuli la maji chumbani ili hewa ipate unyevu. Mifuko ya polietilini isiyozalisha umeme tuli husaidia sana.

*Kuna ukungu wa kijivu usiotoka.* Uliza santuri ilihifadhiwa katika nini. Majalada laini ya plastiki ya PVC hutoa kemikali zinazoingia kwenye vinili, na alama hiyo ni ya kudumu. Zitoe santuri nyingine zilizo kwenye majalada ya namna hiyo leo.

*Kuna madoa meupe yenye manyoya.* Ni kuvu, na huonekana zaidi kwenye santuri zilizokaa sehemu zenye unyevu, kama zile zinazotoka Bukavu kando ya ziwa. Vaa barakoa, zioshe peke yake kwa dakika 20, zisuuze mara mbili, na maji hayo yasitumiwe kwa santuri nyingine. Jalada lake nalo litengwe, la sivyo kuvu itarudi.

*Karatasi ya katikati imeloa.* Usiisugue wala kuikandamiza, kwa sababu wino ulioloa hufutika. Weka karatasi nyeupe ya kufyonza juu yake bila uzito, uibadilishe mara mbili, kisha uiache santuri ilale bapa hadi kesho yake.

*Mashine inawaka lakini haina nguvu, na alumini haitoboki.* Angalia kwanza volti kwenye stabilizata. Jioni, watu wanapopika, umeme hushuka, na beseni linaloonekana bovu saa moja usiku huenda likafanya kazi vizuri alfajiri. Ukitumia grupu (jenereta), liache lipate mwendo thabiti kabla ya kuchomeka beseni, na usiwashe hita kwa wakati mmoja na vitikisaji ikiwa grupu ni dogo. Kama volti ni sawa na alumini bado haitoboki, yafukuzie maji hewa kwa dakika 10 zaidi na upime tena. Ikishindikana hapo, ni kitikisaji, na hiyo ni kazi ya fundi wa elektroniki.